Siku nne kwenda Forodhani kuitafuta saa ya baba

Nimerudi Morogoro wiki iliyopita, na haya nimeyaunganisha kutoka kwenye picha za simu na maandishi niliyokuwa nayaandika nyuma ya risiti. Risiti moja ililowa juisi ya miwa, kwa hiyo kuna nusu siku ambayo naitegemea kumbukumbu tu.

Kwanza niseme kwa nini nilikwenda. Marehemu baba alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa nje ya soko, mwavuli mmoja, kioo cha kukuzia kikiwa kimebana jicho la kulia. Sisi watoto tulijua kutia saa ufunguo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Mishale ya saa aliiita akrabu, na ukisema "mshale" anakutazama kama umetukana. Katika vitu alivyoacha ipo picha moja nyeusi na nyeupe: kijana mwembamba, shati la mistari, amesimama bustanini na nyuma yake kuna jumba refu lenye nguzo na mnara wa saa. Nyuma ya picha ameandika kwa wino: "Jamhuri Gardens, Zanzibar, 1987. Saa 10.20." Ukiitazama ile saa ya mnarani kwa kioo, akrabu zake zinaonyesha saa kumi na dakika kumi na tatu. Baba alikufa akishikilia kwamba ya mkononi mwake ndiyo iliyokuwa sawa.

Jumba lenyewe ni Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, pale Forodhani, Unguja, na kama mnavyojua, sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na ule mnara ukaenda nao. Watu wawili walifariki. Habari ilipotangazwa redioni baba aliuliza kwanza kuhusu watu. Kisha akakaa kimya, akaona haya kidogo, akauliza: "Na saa?" Mwaka uliofuata naye akaondoka.

Kwa hiyo nilijua ninakwenda kutazama saa isiyokuwepo. Mke wangu aliniuliza mara tatu kama nina uhakika.

Alhamisi, 25 Agosti 2022. Morogoro hadi Dar

Nilisubiri sensa ipite. Karani alitufikia Jumanne ileile ya tarehe 23, akanihesabu, nikawa huru.

Msamvu nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nauli elfu tisa. Basi liliandikwa kuondoka saa moja, likaondoka saa mbili kasoro, baada ya kondakta kutuhakikishia mara kadhaa kwamba anasubiri "abiria mmoja tu". Huyo mmoja alipanda akiwa watu sita na kuku.

Chalinze tulinunua machungwa dirishani kama desturi. Kwenye mizani ya Vigwaza foleni ya malori ilikuwa ndefu lakini mabasi yalipita upesi. Mbele kidogo ya Mlandizi tairi la nyuma likapasuka. Tulishuka wote, tukasimama kwenye kivuli cha mwembe mmoja usiotosha watu hamsini. Jeki ilikuwepo, spana haikuwepo. Dereva wa fuso iliyobeba mbao akasimama bila kuitwa, akatoa spana yake, akavua shati, akafungua nati zote mwenyewe. Alipopewa pesa alikataa, akachukua machungwa mawili. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu alitoa chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, akawa anagawa kwa kifuniko cha chupa, kila mtu tonge lake. Tulipoteza dakika hamsini na tano. Nilizihesabu, ni ugonjwa wa nyumbani kwetu.

Kwa anayekuja Dar kwa basi: utashushwa Mbezi Luis, si Ubungo tena. Panda daladala hadi Kimara, halafu mwendokasi, ambayo mwaka huo wa 2022 ilikuwa shilingi 650. Ukitaka bandarini kwa boti, panda la Kivukoni na ushuke Posta ya Zamani. Tembea kuelekea kanisa la Mtakatifu Joseph, boti ziko upande wa pili wa barabara. Usikubali bodaboda ikwambie ni mbali.

Mimi nilishuka Gerezani kwanza, kwa sababu nilitaka kumsalimia ndugu yake yule wa Forodhani: Mnara wa Saa wa mjini, pale karibu na stesheni ya reli. Ulijengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Ni mnara mdogo uliozungukwa na magari pande zote, na kuufikia ni lazima uwe na miguu mepesi. Nilipiga picha nne nikiwa nimekanyaga ukingo wa barabara, ya tano nikapigiwa honi. Mamia ya watu walipita pale nikiwa nimesimama, na sikumwona hata mmoja aliyeinua macho kuitazama saa. Wote wanazo mfukoni. Lakini ukimwuliza mtu yeyote akuelekeze dukani, atakwambia, "Ukifika Mnara wa Saa, kata kulia."

Nililala Magomeni kwa binamu yangu. Wali, maharage, samaki. Mazungumzo hadi saa sita.

Ijumaa, 26 Agosti. Dar hadi Unguja

Boti ya saa moja asubuhi niliikosa. Kosa langu: nilidhani tiketi nitaikata palepale. Nje ya lango kuna vijana wanaokuita "bosi" na kukuahidi tiketi ya haraka. Usiwape hata shilingi, ingia mwenyewe dirishani. Dirishani nikaambiwa ya saa moja imejaa, nikakata ya saa tatu na nusu. Elfu thelathini, daraja la kawaida, kwa Mtanzania mwenye kitambulisho. Aliyekuwa nyuma yangu alisahau kitambulisho nyumbani Tabata, nikamwona akizunguka pale getini amejishika kichwa. Kibebe. Cha NIDA au cha kupigia kura, na kiweke mahali pa karibu, kwa sababu ukifika bandari ya Malindi, Unguja, utaonyesha tena.

Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwa watu wa bara kama mimi, hilo maana yake ni kwamba baada ya dakika ishirini, mara tu boti ilipoacha ukingo wa Dar, bahari ilianza kutuinua na kutuachia. Wahudumu walipita wakigawa mifuko kwa heshima kama wanaogawa pipi. Mzee mmoja wa Kizanzibari aliyevaa kanzu na koti alikuwa amelala fofofo, kofia imefunika macho. Kijana wa jirani yangu aliyekuwa akijigamba kwamba boti haimsumbui aliomba mfuko wa pili. Mimi nilitafuna tangawizi mbichi niliyopewa na mke wa binamu, nikakodolea macho mahali bahari inapokutana na mbingu, na nikafika salama. Kaeni chini na nyuma, si juu na mbele. Juu kuna upepo mzuri na mateso mengi.

Karibu na Unguja maji yanatulia na watu wanaamka. Boti inapita mbele ya Shangani, kisha mbele ya Forodhani, ndipo inaingia bandarini Malindi. Nilitoka nje nikasimama kwenye chuma. Katika picha za zamani zote za upande huu, kitu cha kwanza kukiona ukitoka baharini ni ule mnara, umeinuka kuliko mapaa yote. Nilijua haupo. Bado macho yalikwenda juu yenyewe, yakakuta mawingu. Ngome Kongwe iko vilevile, nzito na ya rangi ya matumbawe, na pembeni yake jumba limesimama kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele.

Saa tano na nusu ilikuwa imeshapita nilipotoka bandarini. Ilikuwa Ijumaa, maduka yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine na wanaume wanatembea haraka upande mmoja. Nikapata chumba Malindi, nyumba ya wageni ya ghorofa mbili yenye ngazi zilizosimama kama ngazi ya kukwea mnazi. Elfu thelathini kwa usiku, na chai ya asubuhi ndani yake. Mwenye nyumba, bibi mwenye sauti ya chini sana, alinipa funguo na kuniuliza nimekula nini. Nikasema bado. Nusu saa baadaye mjukuu wake akagonga mlango na sahani ya pilau iliyofunikwa. Hakuitia kwenye hesabu hata nilipoondoka.

Saa tisa na nusu nikaenda Forodhani na picha ya baba ndani ya bahasha.

Hapo kuna mambo mawili ya kumweleza asiyefika. Bustani ya picha si bustani ya leo. Jina la Jamhuri limebaki kwenye maandishi, watu wanasema Forodhani tu, na mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na shirika la Aga Khan. Njia zake ni mpya na viti vyake ni vipya. Na kulikaribia Beit al Ajaib hukuweza. Lilikuwa limezungushiwa uzio wa mabati, ndani kulikuwa na vyuma vya kuegemeza kuta zilizobaki. Niliuona mlango wa uzio, nikamsalimia mlinzi, nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa makini, akanirudishia. "Ndani siwezi kukupitisha, kaka. Pakianguka jiwe utaniletea kesi." Lakini akanionyesha pengo dogo kati ya bati na bati ambapo simu inapita. Picha zangu bora za jumba zote zina kivuli cha bati upande wa kushoto.

Jumba hili alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883, kwa ajili ya sherehe na fahari, si kwa kulala. Nguzo zake ni za chuma cha kusubu, barazani kwake wangeweza kupita watu kumi sambamba. Lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa umeme, na likawekewa lifti wakati ambapo Afrika Mashariki nzima haikuwa nayo. Ndiyo hayo maajabu yenyewe. Baba alikuwa akitusimulia hivyo vyote kama utangulizi tu, ili afike kwenye saa.

Nilianza kutafuta mahali aliposimama. Nilijaribu karibu na kile kibanda cha bendi cha mviringo kilicho katikati ya bustani, nikasogea kulia, nikarudi. Vijana wa makachu walikuwa wameanza. Maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa hadi karibu na ukingo wa ukuta, na wao wanakuja mbio kutoka mbali, wanaruka, wanajipinda hewani na kuanguka baharini kwa staili ambazo kila moja ina jina. Watazamaji wanashangilia. Na mimi niko katikati ya shangwe hizo narudi kinyumenyume na picha mkononi, nikimkanyaga mtu.

Niliyemkanyaga alikuwa mzee mwenye kikoi na fulana nyeupe, amekaa kwenye ukingo wa bustani na kikombe cha kahawa.

"Watafuta nini, mwanangu?"

Nikampa shikamoo na samahani kwa pamoja, nikamwonyesha picha. Akavaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu babako?"

"Ndiyo, mzee. Alikuwa fundi saa. Alikuja 1987, kununua saa za mkono za kwenda kuuza bara."

"Ahaa. Walikuja wengi miaka ile, kununua vitu." Akacheka. "Aliweza kuvipitisha kwa watu wa ushuru?"

Nikamwambia: saa za mkono kumi na mbili, ndani ya chupa ya chai. Alicheka hadi kahawa ikamwagika.

Baadaye alisema alikuwa nahodha, wa majahazi kwanza, kisha wa vyombo vya mashine. Akanishika mkono akanipeleka hatua kama kumi na tano kuelekea baharini. "Simama hapa. Sasa tazama nguzo ya pembeni na ukuta wa Ngome. Si ndivyo vilivyo kwenye picha?" Ndivyo vilivyokuwa. Mahali pale sasa pana meza ya muuza juisi.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na nane. Muuza juisi akasogeza ndoo yake, nikasimama nikiielekea bahari, jumba nyuma yangu, kama baba. Mzee akashika simu yangu kwa mikono miwili, akabonyeza, akaitazama ile picha ya karatasi tena, akanyamaza. Kisha akaniita.

"Huyu hakuja mwezi kama huu."

Nikamwambia mwezi haukuandikwa, lakini mama husema alikuja mwezi wa saba.

"Basi mamako kasahau. Tazama kivuli chako." Nikatazama. Kivuli changu kilikuwa kinarudi nyuma yangu, kinalielekea jumba. "Sasa tazama cha babako." Cha baba kinalala ubavuni, kimenyooka kuelekea upande wa Jumba la Mfalme, kasri la jirani. Saa ileile, mahali palepale. "Jua la sasa liko kaskazini, kwa hiyo kivuli kinakwenda kusini. La kwenye picha liko kusini. Na sikiza, usiniamini mimi, uamini mnazi." Kwenye kona ya picha kuna mnazi ambao kwa miaka yote sijawahi kuutazama. Makuti yake yote yamelazwa upande mmoja, kuelekea Shangani. "Huo ni kaskazi, upepo wa kaskazini, unavuma. Leo kusi, makuti yanatazama Malindi. Huyu alikuja Disemba, au Januari, au Februari. Machi ikizidi."

Nikamwuliza kuhusu zile dakika saba, nani alikuwa sahihi, saa ya mnarani au ya baba. Akanitazama kwa huruma.

"Dakika saba? Kivuli hakina dakika saba, bwana. Sisi tulikuwa twasikiliza adhana."

Nilimnunulia kahawa ya pili, shilingi mia mbili, akakubali kwa shida. Jina lake aliniambia, ila sikumwomba ruhusa ya kuliandika.

Usiku nilikula urojo, elfu mbili na mia tano, kwenye bakuli la plastiki: bhajia, viazi, muhogo uliokaangwa, yai, mishkaki miwili, mchuzi wa embe na ukwaju mpaka jasho likatoka. Kwenye meza za Forodhani wanapoanza kukupangia pweza na kamba kwenye sahani kabla hujasema kitu, uliza bei ya kila kijiti kwanza. Mimi sikuuliza, na sahani moja ikanila elfu kumi na nane. Kwa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi sina lawama.

Jumamosi, 27 Agosti. Saa tatu kamili

Tarehe hii niliipanga kwa makusudi. Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshakaa Forodhani na chapati. Maji yalikuwa yametoka mbali, ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga.

Tarehe 27 Agosti 1896 ilikuwa Alhamisi. Siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri bila idhini ya Waingereza. Waingereza wakampa muda: hadi saa tatu kamili asubuhi bendera yake iwe imeshushwa. Manowari zao tano zilikuwa hapa hapa mbele ninapokula chapati, mizinga imeielekea pwani. Saa tatu ikafika, bendera haikushuka. Dakika mbili baadaye wakafyatua. Kabla ya saa nne kasorobo yote yalikuwa yamekwisha. Khalid amekimbilia kwa balozi wa Wajerumani, meli ya Sultani, Glasgow, inazama, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wameuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza aliumia baharia mmoja.

Inatajwa kila mahali kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, na waongoza wageni wanaisimulia kwa kicheko. Niliwasikia wawili asubuhi ileile. Mimi nilitega saa ya simu, na ilipogonga tatu na dakika mbili nikaanza kuhesabu, nikitaka kujua dakika arobaini ni ndefu kiasi gani ukikaa tu. Ni ndefu. Nilimaliza chapati, nikamaliza chai, paka watatu wakapita, mama mmoja akafagia njia yote kutoka kibanda cha bendi hadi barabarani na kurudi. Simu bado ilikuwa inasema dakika kumi na tisa.

Siku ile ya 1896 mbele ya Beit al Ajaib ulikuwepo mnara wa taa, mrefu, wenye saa. Ulipigwa mizinga ukaharibika vibaya, ukavunjwa. Walipotengeneza upya mwaka 1897 ndipo wakauingiza mnara mpya wa saa katika uso wa jumba lenyewe, huo ambao baba alisimama mbele yake. Kwa hiyo hii si mara ya kwanza pwani hii kukosa saa yake. Nilimweleza mlinzi wa jana hesabu hiyo kupitia pengo la mabati. Akasema, "Basi wataweka ya tatu."

Mchana nilizunguka Darajani kutafuta fundi saa, kwa ajili ya saa ya mama ambayo nilikuwa nimeibeba. Nilimpata kwenye kichochoro nyuma ya soko, meza kama ya baba kabisa, hata kioo cha jichoni kimefungwa uzi uleule mweusi. Aliifungua saa, akaipulizia, akasema ni uchafu tu na mafuta yaliyokauka. Akaisafisha nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa fundi, akataka kunichaji nusu. Nikakataa, tukaishia elfu tatu. Aliponirudishia alifanya kitu ambacho sijakiona tangu baba afe: aliiweka sikioni mwake kwanza, akafumba macho, ndipo akanipa.

Jioni halua, khanga pea moja, karafuu na mdalasini. Nililala mapema.

Jumapili, 28 Agosti. Kurudi

Boti ya saa moja asubuhi, safari hii tiketi nilikata jana yake. Kwenda Dar kwa kusi ni kubaya zaidi kuliko kuja, maana mnakwenda kukutana nao uso kwa uso. Sitaeleza zaidi.

Bandarini Dar mizigo inapitishwa kwenye mashine na watu wa ushuru wapo. Khanga, viungo na halua havina shida. Mwenye televisheni au friji mpya awe na karatasi zake, kwani hapo ndipo nilipoona foleni na mabishano. Begi langu lilifunguliwa, mtu wa ushuru akaokota chupa yangu ya chai, akaitikisa. Ilikuwa tupu. Nilicheka peke yangu, akanitazama vibaya.

Basi la kurudi halikupasuka chochote. Nilifika Msamvu saa kumi na moja jioni.

Gharama yote, bila zawadi wala matengenezo ya saa: mabasi kumi na nane elfu, mjini Dar kama elfu tano, boti sitini, chumba sitini, chakula kama arobaini pamoja na ile sahani ya kumi na nane. Jumla laki moja na themanini na tatu. Kwenye chakula unaweza kupunguza kama una adabu kuliko mimi.

Jumatatu, nyumbani kwa mama

Nilimpelekea halua, khanga na saa yake inayotembea. Akaivaa palepale. Kisha nikatoa picha mbili, ya baba na yangu, nikaziweka mezani sambamba, nikamweleza habari ya kivuli na mnazi, kama nahodha alivyonieleza.

"Si kweli," akasema mama. "Alikwenda mwezi wa saba. Tulikuwa tunavuna mpunga, akaniacha shambani peke yangu na dada yako mgongoni. Kitu hicho naweza kukisahau?"

Miaka thelathini na mitano ameibeba kesi hiyo, na baba hakuwahi kuikana.

Nikamwonyesha tena makuti. Akaenda kuchukua miwani. Alikaa na ile picha muda mrefu, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaigeuza akasoma mwandiko, akaigeuza tena.

"Basi alikwenda mara mbili," akasema.

Nikataka kusema kitu, akaniinulia mkono ninyamaze. Alikuwa ameweka kidole kwenye kifua cha baba.

"Na hili shati mimi silijui."